Maneno Yaliyozidi Bei

Dirishani pa ofisi ya gazeti, binti alihesabu kwa ncha ya kalamu:
mke, mama, mfanyakazi wa kampuni ya maji.
Kila neno na bei yake. Nikakata, nikakata tena,
nikabaki na picha yako ya kitambulisho
na saa ya ibada.

Haya ndiyo niliyoyaacha pale kaunta, Mghoi.

Kwamba ulisoma mita miaka ishirini na sita,
Maringo, Jericho, Ofafa, hadi kona za Hamza,
jozi moja ya buti kwa kila masika mawili,
ukipiga magoti kwenye matope ya watu
kufuta kioo kidogo kwa upindo wa sketi
na kuandika tarakimu kwa penseli,
kwa sababu, ulisema, wino hulia ukinyeshewa.

Kwamba mbwa wa Odera, aliyemng'ata tarishi
na mara moja mchungaji,
alikulalia miguuni.

Kwamba ulijua penye msiba kabla turubai halijafungwa.
Mita imezunguka usiku kucha, ulisema, pana wageni.
Ulijua nani amejifungua, nani kahama kimyakimya
na deni la miezi mitatu,
yote chini ya kifuniko kizito cha chuma.
Nilipouliza majina, ulinisogezea mboga.

Na yule mwenye gereji aliyekuletea kuku ili usome pungufu:
ulimrudishia kuku wake, hai, miguu imefungwa vilevile.
Ninaandika kama ilivyo, ulimwambia.
Watoto walilia. Walishampa yule kuku jina.

Kwetu bomba lilikauka Jumanne hadi Ijumaa.
Majirani wakakutania: mama wa maji hana maji!
Ulicheka hadi ukashika ukuta.
Ijumaa, saa nane za usiku, bomba likianza kukohoa,
uliamka peku, leso kifuani,
ukajaza mitungi, sufuria, beseni la watoto,
hata birika,
nami nimegeukia ukutani.

Nilikuwa macho, Mghoi.
Hili nalo halikuingia gazetini.
Miaka yote ile nilikuwa macho.

Kisha figo.
Daktari akakupimia maji, wewe, wewe wa kuwapimia watu:
nusu lita, kutwa nzima, chai ikiwemo.
Hukubishana. Uliomba penseli.
Nyuma ya kalenda ya kanisa ukaandika:
asubuhi mafunda matatu. Mchana mawili.
Jioni moja, nusu nimempa Wakio anywe, ana kiu ya kulia.

Tulikulaza Mgange, kwenu.
Kijito kinapita hatua kumi kutoka kichwani pako,
usiku na mchana, hakuna anayekisoma.

Wakio hukusimulia kila siku:
ulivyomsuka huku ukimsahihishia hesabu,
na akikosea kugawanya, chanuo likatua.
Mwadime hasemi kitu.
Amezipaka rangi buti zako, akaziweka mlangoni,
vidole vikitazama nje.

Jana amekuja msomaji mpya, kijana, simu mkononi.
Alitaka kupiga picha amesimama.
Nikamwambia, ngoja.
Nikapiga magoti, goti la kulia linaniuma siku hizi,
nikafuta kioo kwa mkono wa shati.
Akatazama namba. Akatazama za mwezi wa nyuma.
Matumizi yameshuka sana, mzee.
Kuna mtu amesafiri?

Bomba lilikuwa likidondoka nyuma yetu,
lile uliloniambia nilibadilishe mpira tangu Krismasi.

Andika, nikamwambia.
Andika kama ilivyo.